Sukuma imegeuka manjano: tazama jani la chini na jani la juu kabla ya kununua mbolea

Mkulima wa Luanda (mwanzilishi wa uzi)

Mwezi wa Aprili, mvua za masika ziliposhika kasi, jirani yangu hapa mpakani mwa Luanda na Maseno, magharibi mwa Kenya, alinijia asubuhi na majani mawili ya sukuma wiki aliyoyafunga katika gazeti ili yasinyauke njiani. Yote mawili yalikuwa ya manjano, na kwa maoni yake shida ilikuwa moja. Alikuwa ameshatia CAN, mbolea ya kukuzia yenye nitrojeni, mara mbili katika majuma matatu, na mfuko wa tatu alikuwa amekwisha kuulipia dukani. Nilipomwuliza kila jani alilichuma sehemu gani ya mche, alinyamaza kidogo, kisha akasema hakumbuki. Tukaenda naye shambani. Jani la kwanza lilitoka chini kabisa, karibu na udongo, na umanjano wake ulikuwa umeenea bapa lote pamoja na mishipa. La pili lilitoka kileleni, kwenye mistari iliyo kando ya mahali wanapomwaga majivu ya jikoni, nalo lilikuwa limepauka huku mishipa yake ikibaki kijani, kama wavu uliochorwa kwa kalamu. Yalikuwa matatizo mawili katika shamba la robo ekari, na CAN ingeweza kutibu moja tu.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona fedha nyingi za wakulima wadogo zikimwagwa kwenye mitaro kwa kukosa swali hilo moja: umanjano ulianza chini au juu? Mtu anayelima sukuma, spinachi, managu, saga, terere au kunde kwa ajili ya soko anauza jani lenyewe. Mwenye mahindi anaweza kuvumilia majani ya chini kukauka maadamu gunzi limejaa, lakini mama mboga wa Kibuye hatanunua fungu la sukuma lenye majani yaliyopauka, hata kama mizizi yake ni mizuri kiasi gani.

Swali la chini au juu lina maana kwa sababu virutubisho haviendi sawa ndani ya mmea. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu vinahamishika. Mmea ukikosa nitrojeni ya kutosha udongoni, huivunja ile iliyomo katika majani yake ya zamani na kuipeleka kwenye chipukizi, kama mzazi anayejinyima ili mtoto ale. Ndiyo maana jani kongwe ndilo linaloumia kwanza. Kwa upande mwingine, madini ya chuma, kalsiamu na boroni yakishajengwa ndani ya jani hayatoki tena, au hutoka kwa shida sana. Yakikosekana udongoni leo, jani la jana halitaonyesha lolote, na jani linalofunguka leo ndilo litakalozaliwa na kasoro. Salfa iko katikati, lakini kwa mboga zetu dalili zake huanza juu.

Niyaeleze kwanza ya chini, kwa kuwa ndiyo tunayokutana nayo zaidi huku.

Upungufu wa nitrojeni hufanya jani zima lififie, mishipa na nyama pamoja, kuanzia jani la mwisho chini na kupanda ngazi kwa ngazi. Mche hudumaa, bua huwa jembamba na gumu, na majani mapya hutoka madogo ingawa bado yana ukijani. Katika saga na managu kuna dalili nyingine ambayo wengi hawaihusishi na njaa, nayo ni mmea kukimbilia kutoa maua ukiwa bado mfupi. Mkulima hulaumu mbegu, kumbe mmea umeona hali ni ngumu ukaamua kuacha uzao mapema. Ukiulisha nitrojeni na kuyakata maua kila unapochuma, utaendelea kukupa majani kwa majuma mengi zaidi.

Potasiamu ikipungua, jani kongwe huungua ukingoni, likawa la hudhurungi kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto, huku katikati pakibaki kijani. Watu hudhani ni jua. Tukumbuke kwamba kila tunapochuma sukuma tunabeba nitrojeni na potasiamu nyingi kutoka shambani, na mche mmoja unaweza kuchumwa kila juma kwa miezi sita au zaidi. CAN, na DAP ile ya kupandia yenye nitrojeni na fosforasi, hazina potasiamu hata kidogo. Mtu aliyezitumia hizo mbili pekee kwa miaka kumi amekuwa akitoa bila kurudisha.

Magnesiamu nayo huonekana chini, lakini mchoro wake ni tofauti na ule wa nitrojeni, kwa kuwa mishipa hubaki kijani na nafasi zilizo katikati yake hugeuka manjano, na mara nyingine huingiwa na wekundu. Magnesiamu ndiyo iliyo katikati ya klorofili, ile rangi ya kijani ambayo mmea hutumia kunasa mwanga, kwa hiyo ikipungua kiwanda chenyewe kinapunguza kazi. Mvua nyingi za magharibi huisomba kirahisi kutoka kwenye udongo mwepesi. Ukihakikisha kwamba ni yenyewe, chumvi ya Epsom gramu 200 katika pampu ya lita 20, ikipuliziwa jioni juu na chini ya majani, huleta nafuu ya haraka, ingawa tiba ya kudumu iko udongoni.

Juu ya mche, upungufu wa madini ya chuma ndio ule wavu niliousimulia. Salfa ikikosekana, jani jipya hupauka lote kwa usawa pamoja na mishipa, yaani linafanana na njaa ya nitrojeni iliyogeuzwa juu chini. Sukuma, kabeji na saga hutumia salfa nyingi, na harufu ile kali ya kabeji ikichemka inatokana nayo. Atakayegundua kwamba salfa ndiyo iliyopungua anaweza kutumia mbolea ya SA (salfeti ya amonia), yenye nitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24, lakini aelewe kwamba mbolea hiyo huongeza asidi ya udongo kuliko CAN.

Boroni nitaitaja kwa ajili ya wale wanaopasua bua la kabeji au la brokoli na kukuta uwazi wenye rangi ya kahawia ndani yake. Majani machanga hujikunja, huwa mazito, na huvunjika kwa mlio ukiyapinda. Familia ya kabeji inaihitaji boroni kuliko mazao mengi, lakini umbali kati ya kiasi kinachotosha na kiasi kinachoua ni mdogo sana, kwa hiyo naomba mtu yeyote asiimwage kwa kukisia.

Mama Mboga wa Nyalenda

Ndugu Mkulima, asante kwa maelezo. Mimi nalima spinachi na sukuma upande wa Nyalenda, Kisumu, kwenye udongo mweusi ule unaonata miguuni. Kila mvua kubwa ikipita, majani ya chini hugeuka manjano ndani ya siku chache, hata kama nimetia mbolea juma hilo hilo. Nikiongeza mbolea hakuna kinachobadilika. Je, huu nao ni upungufu wa nitrojeni?

Mkulima wa Luanda

Mama, ni upungufu wa nitrojeni, lakini haukusababishwa na uchache wa mbolea uliyotia. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukijaa maji, hewa hufukuzwa. Mizizi isiyopata hewa haiwezi kunyonya hata chakula kilicho mbele yake. Zaidi ya hapo, wako vijidudu wa udongoni ambao wakikosa oksijeni huitumia nitrojeni iliyo katika umbo la naitreti na kuigeuza gesi, ikapanda hewani. Hivyo CAN uliyoinunua kwa fedha nzuri huondoka bila mmea kuigusa, na nyingine husombwa na maji yenyewe.

Kwako wewe jembe lina kazi kuliko mfuko. Inua matuta ya sentimita 20 hadi 30, acha mifereji kati yake inayoelekea mahali maji yatakapotokea kweli, na changanya samadi iliyooza vizuri ili mfinyanzi uachane kidogo. Mbolea ya kukuzia igawe mara nyingi kwa kiasi kidogo, na uitie baada ya maji kupungua, usiitie wakati wingu limetanda. Ukitaka kuhakikisha, ng'oa mche mmoja wenye manjano na mwingine wenye afya, uoshe mizizi, uilinganishe. Mizizi iliyozama huwa ya kahawia, milaini, yenye harufu mbaya. Mizizi yenye vinundu vilivyovimba ovyo ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa ni minyoo ya mizizi au, kwa jamii ya kabeji, ule ugonjwa wa mizizi kuvimba kama rungu, na hakuna mbolea itakayoutibu.

Mzee wa Njoro

Nashukuru kwa mada hii. Huku Njoro, na zaidi kule juu Molo, sukuma zetu hupata rangi ya zambarau kwenye vikonyo na chini ya majani, hasa katika miezi ya baridi. Wauzaji wa pembejeo wanatuambia ni fosforasi na wanatuuzia DAP. Miezi ya joto ikifika rangi hupotea hata kwa wale ambao hawakutia kitu. Tuelewe vipi?

Mkulima wa Luanda

Mzee, umechunguza jambo ambalo wengi wetu hatulichunguzi, kwamba hata asiyetia kitu anapona. Zambarau ni alama ya sukari kukwama ndani ya jani bila kutumika, na inaweza kukwama kwa sababu fosforasi ni kidogo au kwa sababu baridi imeifanya mizizi kuwa mizito, isiweze kuichota fosforasi iliyopo. Ziko pia aina za sukuma zenye zambarau ya kuzaliwa. Kwa hiyo rangi peke yake haitoshi kuwa ushahidi. Tazama ukuaji: mche wenye njaa ya kweli ya fosforasi hudumaa tangu utotoni, majani yake huwa madogo na ya kijani kilichoiva mno, karibu na buluu, na mizizi yake ni michache. Mche uliokumbwa na baridi tu huendelea na mwendo wake jua likirudi.

Hapa kwetu magharibi tatizo la fosforasi ni la kweli, na naomba mniruhusu nikae juu yake, maana ndilo kiini cha uzi huu. Udongo wetu mwekundu umejaa oksidi za chuma na alumini. Udongo ukiwa na asidi nyingi, yaani kipimo chake cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, na fosforasi unayoitia hukamatwa na chuma na alumini hizo hizo kabla mizizi haijaifikia. Mkulima anatia DAP, ambayo katika mfuko wa kilo 50 ina kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosforasi ikihesabiwa kama fosfeti, anaona nafuu msimu mmoja, kisha msimu unaofuata anahitaji zaidi. Wakati huo huo amonia iliyo ndani ya DAP inapogeuzwa naitreti na vijidudu huacha asidi nyingine udongoni. Kwa miaka mingi tumekuwa tukilisha udongo huku tukiufunga mdomo.

Ndiyo maana nasema kwamba chakula kinaweza kuwa kimo ghalani na mwenye nyumba akafa njaa. Katika udongo wa namna hii, mfuko wa kwanza kununuliwa unapaswa kuwa wa chokaa ya kilimo, na mwamba wake uko karibu nasi, Koru, kaunti ya Kisumu. Mara nyingi kiasi kinachoshauriwa huwa karibu na tani moja kwa ekari, lakini kipimo cha udongo ndicho chenye neno la mwisho. Itawanywe mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda na kuchanganywa na udongo kwa kina cha sentimita 15 hadi 20. Ikiachwa juu kama unga haina faida kubwa.

Ila isizidishwe. Jirani yangu wa majani mawili aliipata hasara ya upande wa pili, kwa sababu majivu hupandisha pH kama chokaa, na mahali alipoyamwaga kwa miaka kadhaa udongo umekuwa na nyongo nyingi, yaani alkali, kinyume cha asidi, hata madini ya chuma yakakwama. Chuma kimo, tena kingi, kwenye udongo ule mwekundu kama matofali, lakini kiko katika umbo ambalo mzizi hauwezi kulinyonya. Majivu yatawanywe kidogo kidogo shamba zima, na yasichanganywe na yurea wala samadi mbichi, kwa kuwa yataifukuza nitrojeni ikawa gesi ya amonia.

Kijana wa Muhoroni

Kaka Mkulima, mimi nimepata hasara na ningependa kujua nilipokosea. Nilipata makapi ya miwa bure, nikayalima ndani ya vitalu vyangu vya terere na managu nikiamini yataongeza rutuba, kama tunavyofundishwa kurudisha masalia shambani. Miche ilitoka vizuri, halafu katika juma la tatu yote ikawa manjano kuanzia chini na kusimama pale pale. Wenzangu ambao hawakuweka chochote walivuna kabla yangu.

Mkulima wa Luanda

Pole sana, kijana wangu. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo kwa vumbi la mbao, na kitalu changu cha saga kikakaa miezi miwili bila kunipa hata fungu moja, kwa hiyo nayajua maumivu ya kumwagilia kitu kisichokua.

Makapi ya miwa, vumbi la mbao na mabua makavu ya mahindi yana kaboni nyingi sana na nitrojeni kidogo. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji nitrojeni ili vijenge miili yao, na visipoipata ndani ya makapi huichota udongoni, vikiutangulia mzizi wa terere kwa mbali. Nitrojeni hiyo haikupotea. Imeshikwa, na itaachiliwa makapi yakishaoza, lakini terere ya siku 30 haiwezi kusubiri. Kama mimea bado ipo, gawa CAN kidogo kwa mistari, au yeyusha gramu 100 za yurea katika lita 20 za maji na uipulizie majani jioni ili kupunguza makali. Kwa makapi yaliyobaki, yatandaze juu ya udongo kama matandazo bila kuyalima ndani, au yarundike pamoja na samadi ya ng'ombe na majani mabichi hadi yawe meusi na yasiyo na joto ukiingiza mkono.

Majani mabichi yaliyo bora kwa kazi hiyo tunayo kwenye kingo za barabara, yale maua ya manjano ambayo Waluhya huyaita maua amalulu na Waluo maua makech, yaani tithonia. Majani yake yakikaushwa na kupimwa, katika kilo 100 hupatikana takriban kilo 3.5 za nitrojeni na kilo 4 za potasiamu, pamoja na fosforasi kidogo, na watafiti wa Maseno wamefanya nayo kazi kwa miaka mingi. Nayakata yakiwa bado laini kabla ya maua, nayakatakata kwa panga na kuyafukia kwenye tuta juma moja au mawili kabla ya kupandikiza. Kazi ni nyingi na mikono hunuka siku nzima, lakini hakuna kitu kilichonirudishia potasiamu kwa bei hiyo.

Mama Mboga wa Nyalenda

Nina swali la kunde na mitoo, ile mboga ya majani ya jamii ya kunde. Tumeambiwa kwamba hizi hujitengenezea nitrojeni zenyewe, lakini kunde zangu za mwaka huu zimepauka tangu zikiwa na majani manne. Nazo nizitilie mbolea?

Mkulima wa Luanda

Kabla ya kutia chochote, chimba mche mmoja taratibu kwa uma au kijiti, usiuvute, kwa sababu vinundu hukatika na kubaki ardhini. Tafuta vinundu vidogo kwenye mizizi, ukipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi inayokaribia damu, kinafanya kazi, na kunde itajiinua yenyewe baada ya siku chache, maana ikiwa na majani manne huwa bado changa. Kikiwa cheupe au cha kijani ndani, hakitengenezi nitrojeni. Kama hakuna kinundu hata kimoja, au vilivyopo havifanyi kazi, basi huenda ama udongo una asidi nyingi, ama fosforasi ni kidogo, ama molibdeni imekwama, kwa kuwa kirutubisho hicho, kinachohitajika kwa kiasi kidogo kuliko karibu vyote, hufungwa na asidi na bila yake vinundu havifanyi kazi. Unaona jinsi tunavyorudi kwenye chokaa.

Na hapa niseme neno kuhusu wanaoniandikia faraghani wakitaka jina la mbolea moja itakayomaliza yote. Jifya moja haliinjiki chungu. Ukitia nitrojeni kwenye mche unaokosa potasiamu, unapata majani makubwa, laini, yenye maji, yanayokaribisha vidukari na kunyauka kabla ya kufika sokoni.

Mzee wa Njoro

Tukishatia kinachotakiwa, tutajuaje kwamba tumepatia? Majani ya manjano kwangu hayarudi kijani, na vijana wananiambia dawa haikufanya kazi.

Mkulima wa Luanda

Jani kongwe lililokwisha kuwa manjano kabisa halirudi, mzee, kwa hiyo lisiwe shahidi. Liondoeni. Sisi tulifanya hivi kwa jirani: siku aliyotia CAN kwenye ile mistari yenye njaa ya nitrojeni, tulichagua miche kumi na kufunga uzi wa katani kwenye kikonyo cha jani la juu kabisa lililofunguka. Mstari mmoja tuliuacha bila kitu, ili tupate cha kulinganisha. Siku ya kumi majani yaliyozaliwa juu ya uzi yalikuwa ya kijani kilichokolea na mapana kuliko kiganja changu, na katika ule mstari ulioachwa yalikuwa bado madogo. Kwenye upande wa majivu aliacha kumwaga majivu, akafukia samadi iliyooza, na ule mfuko wa tatu wa CAN dukani waliukubali kuubadilisha kwa mbegu. Huko kilele bado kina wavu, ingawa umefifia. Udongo wenyewe tumeuchota sehemu 12 kwa mwendo wa kupindapinda shamba lote, kina cha sentimita 20, tukauchanganya kwenye ndoo safi ya plastiki na kuukausha kivulini. Ule wa kando ya jalala la majivu tumeuweka katika mfuko wake peke yake, na yote miwili inakwenda maabara Jumatatu.